Mahafali ya Mzee Mwinchande

Msiniulize nchi hii iko wapi. Nimekula kiapo cha kutunza siri za serikali, na isitoshe ramani yetu mpya iko kwa mpiga chapa tangu mwaka juzi, ikingoja mgeni rasmi wa kuizindua. Itoshe kujua kwamba ni nchi yenye amani, upendo, na mahafali mengi kuliko nchi yoyote duniani. Kwetu sisi mtoto akimaliza chekechea huvishwa joho. Binti akimaliza kujifunza kusuka, joho. Mwaka ule askari wa barabarani walipomaliza semina ya siku tatu ya kupuliza filimbi walivishwa joho wote, na mmoja wao akalia kwa furaha mpaka akashikiliwa na wenzake. Mtu asiye na picha ya joho ukutani hukaribisha wageni nje.

Mimi ni karani wa mihtasari katika Wizara ya Huruma na Takwimu. Kazi yangu ni kuandika wanayoyasema wakubwa vikaoni, kisha kuyafuta yale waliyoyasema kweli. Nimeifanya miaka kumi na tisa bila onyo hata moja.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Waziri wetu, Daktari Mhandisi Prosper Lwambano, aliporudi kutoka ng'ambo. Alituita ukumbini siku hiyohiyo, mabegi yake yakiwa bado kwenye gari.

"Ndugu zangu, nimetoka kuona aibu," alisema. "Huko kwa wenzetu mzee akikohoa, kikohozi kinaonekana kwenye kompyuta! Anayemtunza anaona, daktari anaona, mkuu wa shirika anaona. Sisi je? Sisi mzee wetu akikohoa, anasikika tu!"

Tukainamisha vichwa kwa aibu. Papo hapo likatoka agizo: kila shirika la hisani linalotunza wazee liwe na mfumo wa kidijitali wa mpango wa matunzo ndani ya siku tisini, la sivyo lifutwe.

Mpango wa matunzo, kwa asiyejua, ni maandishi yanayosema mtu huyu anahitaji nini na nani atamfanyia: alishweje, anywe dawa gani, ageuzwe mara ngapi. Pale Makao ya Wazee ya Mtulivu, yanayoendeshwa na shirika dogo la akina mama, mpango huo ulikuwa kwenye kaunta buku iliyofungwa kwa kamba mlangoni. Aliyeiandika mara nyingi alikuwa Bi Zamda, mtunzaji wa zamu ya asubuhi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya fundi seremala. Nimewahi kuisoma kaunta buku ile. Ukurasa mmoja ulisema: "Mzee Mwinchande, kitanda cha sita. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Uji kwa kijiko, asiharakishwe. Kidonda cha nyonga kimepungua, sasa ni kama sarafu." Basi. Hakukuwa na nembo wala dira wala ujumbe kutoka kwa Waziri. Mtu angeweza kuusoma ukurasa mzima asijue nani anaongoza nchi.

Huyu Mzee Mwinchande alikuwa fundi baiskeli. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia neno moja tu: haya. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimwambia mvua inanyesha, haya. Bi Zamda alimwelewa kwa macho, akibishana naye kutwa nzima kana kwamba ni mtu anayejibu.

*

Kamati ya Kitaifa ya Kuchagua Mfumo ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Waliteuliwa kwa uangalifu mkubwa: hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumnyanyua mzee kitandani, ili pasiwe na upendeleo. Tulikaa hotelini siku sita, kwa sababu mambo ya wazee yanataka utulivu.

Mfumo wa kwanza ulitengenezwa na muuguzi mstaafu na mpwa wake. Ulianza vibaya. Uliuliza: mzee ana kidonda? Kiko wapi? Kina ukubwa gani? Leo amegeuzwa na nani, saa ngapi? Mwenyekiti wa kamati alikunja uso kama aliyemeza shubiri.

"Mfumo huu hauna adabu," alisema. "Unauliza habari za makalio ya mzee mbele za watu."

Tukaufuta. Mfumo wa pili ulikuwa unafanya kazi hata umeme ukikatika, hata mtandao usipokuwepo. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani hiyo ni sifa. Makamu mwenyekiti ndiye aliyenifumbua macho, alipouliza: "Sasa kama haukatiki, wananchi watajuaje kuwa ni wa kisasa?" Tukaufuta na huo.

Wa tatu uliitwa Songambele. Uliletwa na mshauri mwelekezi, Bwana Kelvin Masasila, kijana mwenye suti inayobana na meno ya kutosha. Hakuficha kwamba mfumo wake ulitengenezwa kwa ajili ya shule za chekechea katika nchi moja ya theluji.

"Mzee na mtoto tofauti yao nini?" aliuliza. "Wote hawana meno."

Wajumbe walicheka mpaka ikabidi twende kunywa chai. Tuliporudi alituonyesha jinsi alivyokwisha kubadilisha neno "mtoto" kuwa "mzee" kila mahali, isipokuwa pale alipopitiwa. Kila mzee alikuwa na hatua za kupanda: anashika kijiko, anasimama, anatembea, anapanda ngazi, anasimulia hadithi, anashirikiana na wenzake uwanjani. Kila hatua ikitiwa alama, inakuwa kijani. Na kilichowapendeza wakubwa kuliko yote ni kwamba hapakuwa na rangi nyingine.

Bi Zamda alialikwa siku hiyo kama mdau. Mdau ni mtu anayejua jambo, naye hupewa kiti cha nyuma ili asiwasumbue wanaoamua. Alinyoosha mkono.

"Samahani, wakubwa zangu. Mzee wangu wa kitanda cha sita akizidiwa, nabonyeza wapi?"

Bwana Kelvin alitabasamu kwa huruma. "Mama yangu, mfumo huu haujui mambo ya kuzidiwa. Huu ni mfumo wa maendeleo."

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini wazee wanazeeka."

Mwenyekiti akasema hoja hiyo inakatisha tamaa, akanigeukia na kuniagiza niifute kwenye mhtasari. Nikaifuta. Songambele ikapita kwa kura kumi na moja.

*

Utekelezaji ulikwenda kwa kasi. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili: siku ya kwanza ya kufungua mafunzo, ya pili ya kuyafunga. Kaunta buku zote zilikusanywa kutoka makao yote sita ya nchi na kuchomwa moto uwanjani, Waziri mwenyewe akiwasha kiberiti na bendi ya magereza ikipiga. Kila makao yalipewa kishikwambi kimoja. Pale Mtulivu, mkurugenzi wa shirika, Mama Felista Kihwele, alikifungia kabatini ofisini kwake kisije kikaharibiwa na matumizi. Watunzaji wakawa wanapanga foleni mlangoni kwake kila Ijumaa, wamwambie mfumo wiki ilikuwaje.

Kisha Wizara ikatoa waraka wa akili nyingi. Songambele iliunganishwa na bohari. Makao yanayoonyesha maendeleo yatapata bandeji, mipira ya mikono, dawa za vidonda na nepi za wazee. Yasiyoonyesha maendeleo hayatapata, maana ni wazi yanazipoteza bure.

Bi Zamda aligoma. Ijumaa ya kwanza alifika mbele ya kishikwambi, akasoma "Mzee Mwinchande: anasimama", akaacha wazi. Ya pili akaacha wazi. Ya tatu Mama Felista akamjia juu.

"Zamda, tia alama."

"Hasimami, Mama."

"Nani amesema asimame? Nimesema tia alama."

"Nikitia alama nitakuwa nimesema uongo juu ya mgonjwa."

"Na usipotia, mwenzangu, utamfunga kidonda na nini? Na shuka?"

Kweli alikuwa anamfunga na shuka. Bandeji zilikwisha, akachana shuka. Shuka zikawa chache, akachana kanga yake. Kidonda cha nyonga kilichokuwa kama sarafu kilikuwa sasa kama kisahani cha chai, na kimeanza kunuka. Ijumaa ya nne Bi Zamda aliingia ofisini bila kumsalimu mtu, akatia alama: anasimama. Jumatatu bandeji zikaja.

Mwezi uliofuata alimtembeza, akapata dawa ya vidonda. Mwezi wa tatu alimpandisha ngazi, katika jumba lisilo na ngazi hata moja, akapata mipira ya mikono. Ili apate nepi ilibidi mzee asimulie hadithi, naye akamsimulisha. Kila taarifa ilipita mezani kwangu. Nilijua vizuri kwamba mtu mwenye neno moja hasimulii hadithi. Niligonga muhuri, nikaenda kula. Sina haja ya kujitetea. Nawaeleza tu jinsi ofisi inavyofanya kazi.

Kwa hiyo mambo mawili yalikwenda pamoja. Kitandani, kidonda kilianza kufunga taratibu. Kwenye mfumo, Mzee Mwinchande alikuwa anacheza mpira na wenzake. Mwezi wa tisa kishikwambi cha Mama Felista kikapiga muziki, yakatokea maputo ya rangi na maandishi makubwa: "Hongera! Mtoto wako yuko tayari kuhitimu."

Watu wa nchi nyingine wangempigia simu Bwana Kelvin kumuuliza maana yake. Sisi tuliunda kamati ya mahafali.

*

Wahitimu walikuwa arobaini na mmoja kutoka makao yote sita. Majoho yaliazimwa shule ya chekechea, kwa hiyo yaliishia kifuani, na kofia zilikaa juu ya vichwa vya wazee kama vifuniko vya chupa. Walioweza kukaa walikalishwa. Wasioweza waliegemezwa. Wanne waliletwa na magodoro yao, yakafunikwa vitambaa vya bluu ili yafanane na jukwaa.

Bi Zamda alimfuata Mama Felista mpaka nyuma ya hema la wageni. Nilikuwepo, nikihesabu chupa za maji.

"Mama, akishahitimu atalala wapi? Nani atamgeuza?"

"Zamda, usiniharibie siku. Mtu anahitimu, wewe unaulizia kitanda?"

"Mimi ndiye niliyemtia alama zile, Mama. Ni za uongo. Nipe kipaza sauti niseme."

"Ukisema, makao yanafutwa, na wazee kumi na wawili waliobaki wanakwenda nayo. Chagua."

Bi Zamda alisimama pale akipikicha pindo la gauni lake la kazi. Kisha akarudi kukaa nyuma ya mzee wake, akamshika bega asianguke. Nilimwonea uchungu, na nikaendelea kuhesabu chupa.

Mheshimiwa Waziri alihutubia saa moja na nusu. Alisema zamani mzee aliingia katika makao akatoka kwa jeneza, lakini katika awamu hii anatoka kwa cheti. Alisema majirani zetu wameanza kuomba kuja kujifunza. Halafu akatangaza mhitimu bora wa taifa, aliyepata alama zote bila kukosa hata moja, Mzee Mwinchande wa Mtulivu, na kumwomba atoe neno la shukrani kwa niaba ya wenzake.

Wakambeba na kiti chake mpaka mbele. Waziri mwenyewe akamshikia kipaza sauti. Tulingoja. Upepo ulikuwa unakipeperusha kishada cha kofia kikimpiga puani, naye hakukiondoa.

"Haya," alisema Mzee Mwinchande.

Makofi yakalipuka. "Mmemsikia!" Waziri akapaza sauti. "Mtu wa vitendo, si wa maneno! Mzee wangu, umeridhika na huduma za serikali yako?"

"Haya."

"Uko tayari kurudi uraiani kulijenga taifa?"

"Haya," alisema mzee, na mkono wake mzima wa kushoto ulikuwa unapapasa hewani pembeni ya kiti. Watu waliokaa nami walisema anawapungia wananchi. Mimi nilikuwa karibu. Alikuwa anatafuta ukingo wa kitanda chake.

*

Baada ya picha, wahitimu walipakiwa kwenye magari wapelekwe makwao. Hapa naomba niisifu Songambele, kwa sababu haikubali pengo la anwani. Ilipodai makazi ya Mzee Mwinchande, ambaye hakuwa na ndugu wala nyumba, Mama Felista aliandika mahali pekee alipopajua: Makao ya Wazee ya Mtulivu. Dereva akasoma, akazunguka mji mzima kama ratiba ilivyotaka, akamrudisha alipomtoa.

Mlinzi wa getini alimwamkia mhitimu kwa heshima, akamwonyesha dereva waraka: waliohitimu hawapokelewi tena. Kitanda cha sita kilikuwa kimekwisha kupata mtu. Awamu ya pili ilipokelewa kwa usaili, kusudi waingie wazee wenye uwezo wa kuendelea, na aliyeongoza kwa alama alikuwa mjomba wake Mama Felista, mzee wa miaka sitini na mmoja anayeogelea kila asubuhi. Dereva naye alikuwa na wahitimu wengine wa kufikisha. Akamshusha mzee na kiti chake, cheti mapajani.

Bi Zamda, aliyerudi kutoka mahafalini kumalizia zamu, alimkuta pale alipotoka, jua likiwa bado kali. Hakumgombeza mlinzi wala dereva. Alikwenda barabarani akasimamisha guta la kubebea mkaa, akatandika magunia, akamlaza mzee wake kwa upande usio na kidonda, na kuondoka naye akitembea kando ya guta huku amemshika. Kesho yake hakurudi kazini. Alianza kukaanga maandazi barazani kwake, ili awe hatua tatu kutoka kitandani.

*

Serikali yetu haimtupi mhitimu wake. Miezi miwili baadaye Wizara ilianzisha zoezi la kuwafuatilia wahitimu ili kujua wanajishughulisha na nini, nami nikapangwa kumsindikiza Bwana Ngwilizi, ofisa ufuatiliaji. Tulifika kwa Bi Zamda saa nne asubuhi. Bwana Ngwilizi alivua viatu, akaketi, akafungua kishikwambi.

"Mhitimu ameajiriwa, amejiajiri, au anaendelea na masomo?"

"Amelala," alisema Bi Zamda.

"Hilo halipo kwenye orodha, Mama."

"Basi mwamshe umuulize mwenyewe."

Bwana Ngwilizi akaangalia chumba: kitanda kimoja, beseni, bandeji zilizofuliwa zikiwa juu ya kamba. Uso ukamkunjamana. Akauliza kama anayo leseni ya kuendesha makao ya wazee. Akauliza anatumia mfumo gani wa mpango wa matunzo.

"Saa imefika," Bi Zamda akasema. Alikuwa hasemi naye. Alikuwa anafunua shuka. "Wewe karani, usisimame kama mlingoti. Njoo ushike miguu."

Nilishika. Jina la mtu yule nilikuwa nimeliandika zaidi ya mara mia, na kumbe sikujua ana uzito, wala kwamba ngozi yake ina joto. "Taratibu. Usimburute, mpandishe," alisema. Tukamgeuza. Nikakiona kidonda chake: kisafi, chekundu, kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Mzee alinitazama kwa jicho lililokuwa linaelewa kila kitu. Niliona haya ya kweli.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Bwana Ngwilizi.

"Baada ya saa mbili namgeuza tena."

"Halafu?"

"Namgeuza tena."

"Mpaka lini, Mama? Lengo ni nini?"

Bi Zamda alimtazama kama mtu aliyeulizwa ataacha lini kula. "Lengo asioze," alisema.

Bwana Ngwilizi aliandika kwa muda mrefu. Kosa: kuendesha makao ya mzee mmoja bila mfumo. Hukumu: ndani ya siku saba mzee akabidhiwe kwa taasisi iliyosajiliwa, iliyo karibu zaidi. Hiyo ni Mtulivu, isiyopokea waliohitimu. Kwenye nafasi ya maoni ya jumla aliandika maneno mawili: "Hakuna maendeleo." Kisha akaniletea kishikwambi niweke saini kama shahidi.

"Umeshika miguu yake," Bi Zamda aliniambia kwa sauti ya chini. "Kidonda umekiona. Wewe si ndiye mwandishi? Andika ulichokiona."

Nilitafuta mahali pa kuandika nilichokiona. Hapakuwepo. Palikuwa na kisanduku cha saini tu, na Bwana Ngwilizi amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Nikasaini.